Boliti Niliyoipaka Rangi

Sheikhe aliuliza mara tatu, kama wanavyouliza pwani maiti inapotaka kutolewa nyumbani. "Ndugu zangu, Salumu alikuwa binadamu. Kama kuna yeyote aliyekosewa naye, kwa ulimi au kwa mkono, tunamwombea msamaha. Mmemsamehe?" Sisi wanawake tulikuwa ndani, tumebanana kwenye mikeka, tukimsikia kupitia dirishani. "Tumemsamehe," wakajibu. Na mimi nikajibu. Mama mmoja aliyekaa ubavuni mwangu akanisogezea pembe ya khanga yake nifute machozi, nami nikaipokea bila haya. Nimemsamehe Salumu! Jamani, mimi huyu, nilikuwa na kipi cha kumsamehe Salumu? Hakuna aliyeuliza kama kuna mtu mle ndani aliyemkosea marehemu. Hawaulizi hivyo. Anayesafiri ndiye anayeombewa, sisi tunaobaki tunadhaniwa bado tuna nafasi.

Nina miaka hamsini na nne sasa, na goti linaloniuma kila nikikaa chini. Nilipanda mabasi mawili kutoka Njombe baada ya Zuhura, dada yake Salumu, kunipigia simu akilia. Sitaandika hapa nilizaliwa wapi wala baba yangu alikuwa nani, hayo hayamsaidii mtu. Nitaandika mwaka mmoja tu, niliokaa chumba cha kupanga nyumbani kwa mama yao, Bi Mwanahawa, pale Kibiti, nikiwa karani wa ofisini mwenye miaka ishirini na tano na ulimi mrefu kuliko akili.

Chumba changu kilikuwa cha tatu mkono wa kushoto. Kuta za nyumba ile hazikufika kwenye bati, kwa hiyo kila mmoja alijua mwenzake amekohoa mara ngapi. Cha kwanza alilala Bi Mwanahawa na Zuhura, cha pili Salumu, cha tatu mimi na kitanda changu cha futi tatu na unga wangu wa bara kwenye ndoo yenye kifuniko. Mwezi wa kwanza nilijipikia. Bi Mwanahawa alikuwa akipita uani anachungulia sufuria yangu na kuguna. "Huu ugali au tofali, mwanangu? Utalikaba koo lako bure, mtoto wa watu." Mwezi wa pili alinifuata chumbani, akauchukua mwiko wangu, akaenda kuutundika jikoni kwake, na tangu siku hiyo nikala sinia moja nao. Wali wa mpunga wa Mbwera, kule deltani kwa wajomba zao, mweupe, unaonukia mpaka barazani. Kambale mkavu wa nazi. Kisamvu kilichotwangwa mpaka kikalainika kabisa. Sijala hivyo tena maishani mwangu, na nimekula kwenye hoteli za semina nyingi tu.

Salumu alinizidi mwaka mmoja lakini aliniita Dada Ester, kwa sababu nilikuwa mtu wa ofisini. Alikuwa na gereji kando ya barabara kuu: mabati manne, gogo la kukalia, na sanduku la spana alilolifunga kwa kufuli mbili. Fundi yule alikuwa na mtindo wake. Akikaza boliti hakai kimya. Anaigusa kwa kidole, anaihesabu kwa sauti: "Moja, kaza. Mbili, kaza." Wenzake walimcheka, wakamwita Mwalimu wa Chekechea. Yeye hakujali. Alisema mkono unaweza kusahau lakini mdomo ukishatamka, sikio ni shahidi. Madereva wa masafa marefu walimjua. Mtu anatoka Lindi na gari linapiga kelele, anavumilia hadi Kibiti kwa Salumu.

Mimi nilikuwa na gari dogo jeupe aliloniachia kaka yangu alipokwenda kusoma nje. Usione hivyo, msichana mwenye gari Kibiti wakati ule alikuwa habari ya mji. Nilivimba kichwa, nisidanganye. Pasaka ya mwaka huo nilikwenda Dar es Salaam kumtembelea shoga yangu, na kwenye maegesho ya magari nikaona gari la kijana mmoja lina kalipa nyekundu. Kalipa ni lile bonge la chuma linaloibana diski ya gurudumu ili gari lisimame. Kwa kawaida limejaa kutu na vumbi, hakuna anayelitazama. La yule kijana lilikuwa linang'aa kwenye matundu ya rimu, jekundu kama mdomo uliopakwa rangi. Nikamuuliza amefanyia wapi. Akasema nyumbani, Jumamosi moja tu. Nikarudi Kibiti na ugonjwa huo.

Salumu nilipomweleza alicheka mpaka akakaa kwenye gogo. "Dada Ester, breki si kucha. Breki ni roho ya mtu." Nikanuna. Akaniona nimenuna, akalainika: akasema ipo siku, akipata rangi inayostahimili joto, atanifanyia mwenyewe. Mimi kungoja sikuzoea.

Mwaka huohuo Zuhura alichumbiwa. Nyumba ikajaa mipango, na yeye mwenyewe akawekwa ndani, haonekani hata uani. Ndugu zao wa kijiji cha Bungu walitakiwa kualikwa, na pale mtu haalikwi kwa karatasi. Ukimpelekea karatasi ndugu wa damu, amekufa kwako. Mama wa bibi harusi anakwenda mwenyewe, amevaa khanga mpya, anakaa mkekani, anaulizia hali ya kila mtu mpaka ya kuku, ndipo anasema kilichomleta. Ikapangwa nimpeleke Bi Mwanahawa kwa gari langu Jumapili baada ya ibada yangu. Alhamisi ya kabla yake Salumu akaniwekea pedi mpya za breki. Nilikuwa nimekaa pale kwenye gogo nakula karanga. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Moja, kaza. Mbili, kaza. Tatu, kaza. Nne, kaza." Boliti nne, mbili kila upande. Ijumaa akaondoka kwenda Mbwera kuwaleta wajomba na mchele wa harusi. Akiwa na begi begani alinigeukia: "Gari liko sawa. Endesha tu, usilichokonoe."

Jumamosi nililichokonoa. Sina maneno mazuri ya kulisema hilo. Nilijiona nampeleka mama wa harusi na gari linatakiwa lipambwe, lakini ukweli ni kwamba nilitaka watu wa Bungu waone magurudumu yangu. Stoo ya uani kulikuwa na kopo la rangi nyekundu lililobaki mjomba wao alipopaka boti yake. Rangi nzito kama uji wa mtama, ya mbao zinazolala kwenye maji ya chumvi. Nilipiga jeki, nikavua magurudumu ya mbele. Spana za Salumu zilikuwa zimefungiwa gereji, nikatumia kaspana kadogo kalikokuwa kwenye buti, nikikakanyaga kwa mguu mpaka boliti zikalegea. Kalipa nikazitungika kwa waya wa kuanikia nguo, nikazisugua kwa msasa na mafuta ya taa, nikapaka. Rangi ilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Ikanikolea. Nikaona boliti nazo zimekaa kimaskini, nikazipaka. Zote nne, kichwa mpaka kwenye nyuzi zake, nikazipanga kwenye gunia juani zikauke.

Bi Mwanahawa alikuwa anakuna nazi barazani, miguu kainyoosha pande mbili za mbuzi. "We Ester! Hata gari unalipaka hina? Linaolewa na nani?"

"Na trekta la halmashauri, Mama. Mahari wameshaleta."

"Basi uliulize kwanza kama linamtaka," akasema, akacheka hadi nazi ikamponyoka. Yeye aliona rangi. Kalipa kutoka mahali pake na kalipa kukaa mahali pake, angejuaje?

Alasiri nikarudisha kila kitu. Boliti zile ziliingia kwa shida, na nusu ya safari zikagoma kabisa. Nikasukuma kaspana kangu, zikagoma. Moyoni nikafurahi: zimekaza. Kumbe zilikuwa zimekabwa na rangi. Rangi ya boti haijui joto la breki. Ikipata moto inalainika kama siagi, na boliti iliyokuwa imeshikwa na rangi tu inabaki haina kinachoishika. Hayo niliyajua baadaye sana, kwa kusoma. Siku ile sikuhesabu hata moja kwa sauti.

Bungu tuliingia nyumba sita. Bi Mwanahawa alivaa khanga ya njano, na kila tulipoondoka alikuwa anaipangusa dashibodi kwa pindo lake kama vile gari ni lake, na mimi nilimpenda kwa hilo. Vijana wa barabarani waliyatazama magurudumu. Nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote wilayani. Tukirudi, karibu nusu ya njia, nilianza kusikia kengele upande wa kushoto, chuma kinagonga chuma. "Nini hicho?" akauliza. "Kokoto," nikasema. Mbele yetu mbuzi wakaingia barabarani. Nikakanyaga breki, ikazama mpaka chini bila kupata kitu, kama unavyokanyaga ngazi ambayo haipo. Nilikata usukani kushoto. Tukaingia kwenye shamba, mkorosho ukatupokea ubavuni, upande aliokaa yeye.

Mimi nilichubuka kiwiko. Bi Mwanahawa alivunjika paja, na goti lake likapondeka. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Ester, uko mzima?" Miaka yote hii nikitaka kujiumiza naikumbuka sauti hiyo.

Salumu alifika Jumatatu, matope ya Mbwera yamemkaukia miguuni. Alikwenda hospitali kwanza, kisha shambani kulitazama gari, kisha akaja uani. Nilikuwa nafua khanga ile ya njano. Akachuchumaa mbele ya beseni. "Kalipa ya kushoto imening'inia, mpira wa breki umekatika," akasema. "Boliti moja haipo, ya pili inazunguka kwa mkono." Nikaendelea kufikicha nguo. "Dada Ester, nijibu moja tu, wala sitakasirika. Ulipopaka rangi, ulifungua?"

Mdomo wangu ulijibu kabla sijaushika. "Sikufungua. Nilipaka palepale ilipokaa."

Niliogopa. Niliogopa kufukuzwa, niliogopa polisi, niliogopa ofisini wakisikia. Zaidi ya yote niliogopa macho yake, kwa sababu alikuwa amenikataza kwa upendo. Angeichomoa ile boliti ya pili angeiona rangi kwenye nyuzi zake, lakini nilijua ataniamini. Mtu wa ofisini, msomi, Dada Ester, atadanganya ili iweje? Akaitazama mikono yake, pande zote mbili, kama mtu anayetafuta mahali ilipokatika. "Basi ni mimi," akasema. "Nilihesabu. Naona kama nilihesabu." Alikaa pale muda wa kutosha kuchemsha chai. Muda wote huo ningeweza kusema. Nilisuuza khanga, nikaikamua, nikaianika.

Mji nao haukunyamaza. Pale gengeni niliposimama kununua nyanya nilimsikia dereva mmoja anamwambia mwenzake, "Kama kamvunja mamaye mzazi, wewe atakubakiza?" Wakacheka, si kwa ubaya, ndivyo watu wanavyocheka. Magari yakaanza kupita gereji bila kusimama. Mama aliporudi nyumbani na mguu wa plasta, jioni moja niliwasikia juu ya ukuta, yeye na mwanawe, wakinywa uji. "Mkono hukosea, baba," mama alikuwa anasema. "Mimi nimeshaunguza wali wa msiba, watu mia wakakaa na njaa." Salumu akajibu, "Wali hauvunji mtu mguu, mama." Kikombe kikawekwa chini. Kisha wakahamia Kindengereko, lugha waliyotumia wasipotaka mpangaji asikie, na sikuelewa neno hata moja, lakini kilio hakina lugha. Nilikuwa nimekaa kitandani na sahani ya wali niliyopewa na watu haohao. Nikaila yote.

Harusi ilifanyika. Bibi harusi akachukuliwa na gari la kukodi, mama yake akampungia mkono akiwa amelala kwenye kitanda cha kamba kilichotolewa barazani. Pilau ilikuwa nzuri, taarabu ikapigwa. Salumu alihudumia wageni maji ya kunawa mwanzo hadi mwisho, hakula. Wiki iliyofuata alifungua zile kufuli mbili, akamkabidhi fundi mwenzake sanduku lote la spana, akaenda Mbwera kulima mpunga. Wajomba walimshauri angalau atengeneze mashine za boti kule, delta nzima ina shida ya mafundi. Akakataa.

Mimi nilibaki nikimuuguza Bi Mwanahawa. Nilimwogesha, nilimkanda, nilimpeleka msalani, nilimlisha miezi mitano. Nikafikiri labda kuna kiasi cha maji ya moto ambacho kikishamwagwa, neno linakuwa halidaiwi tena. Majirani wakanisifu: "Huyu Mkristo ana imani, si bure." Imani gani, mama! Niliomba uhamisho, nikaupata Desemba. Siku ya kuondoka alitembea kwa fimbo mpaka barabarani kunisindikiza, akanipa kilo tano za mchele na khanga doti nzima. "Ningekuwa na mwana mwingine wa kiume," akasema, "ungekuwa mkwe wangu kwa nguvu." Nikambusu mkono, nikapanda basi. Alitembea kwa fimbo ile mpaka alipokufa, na mazishi yake sikuenda. Nilituma rambirambi.

Nilimwona Salumu mara moja tu baada ya hapo. Miaka kumi na moja ilikuwa imepita. Nilikuwa naelekea Lindi kikazi, basi likasimama Kibiti watu wachimbe dawa na kununua korosho, na nikamwona stendi amekaa juu ya magunia ya mchele. Alinenepa kidogo, mvi mbili tatu. Alifurahi, jamani, alifurahi kuniona! Alininunulia soda, akaniuliza watoto, akanitajia wake. Ndipo akashusha sauti. "Dada, nikuulize kitu cha kijinga? Ile Alhamisi wewe ulikuwepo. Umekaa pale, unakula karanga. Nilihesabu ngapi? Nne nilizifikisha, au niliishia tatu? Kila nikilala najaribu kusikia ile ya nne, siisikii."

Kondakta alikuwa ameshaanza kupiga ubavu wa basi. Neno moja tu lilitakiwa, nne, na la pili lingefuata lenyewe. Nilimtazama, na badala ya kumwona Salumu nikajiona mimi: mama wa watoto wawili, mkuu wa kitengo, mtu wa kusimama kanisani akasoma. "Yale yalikuwa mapenzi ya Mungu, Salumu," nikasema. "Usiyafukue." Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa na daktari kwamba dawa hakuna. Kutoka pale hadi tulipovuka mto sikuweza kuinywa ile soda. Watu hulaumu ujana. Uongo wa kwanza nauachia ujana. Huu wa pili niliusema nikiwa na akili zangu timamu.

Sasa amekufa kwa homa ya siku tatu, na mimi nimekuja kukaa mkekani. Siku ya pili baada ya mazishi tulikuwa uani tunachambua mchele wa khitma, mimi na mjane wake, Mwajuma, mwanamke wa Mbwera asiye na maneno mengi. Ungo ulikuwa magotini mwangu, yeye ananimiminia. Alikuwa anazungumza juu ya marehemu, kwa tabasamu lile la wafiwa. "Mume wangu alikuwa na vituko vyake," akasema. "Watu wananiambia zamani alikuwa fundi, mimi nacheka. Fundi gani? Mnyororo wa baiskeli ukitoka, anaikokota mpaka kwa mtu. Mashine ya boti ikizimika, anapiga kasia. Na watoto! Watoto wote watano, wakiwa wachanga, hakuna hata mmoja aliyembeba amesimama. Lazima akae chini kabisa, mkekani, ndipo umpe. Namuuliza, kwani vipi? Ananiambia, mikono yangu, mama, siiamini."

Nikasimamisha mkono kwenye ungo. Nikamwambia. Nilimwambia yote, kopo la rangi, gunia, kaspana, beseni la khanga, soda ya stendi. Nilimwambia alihesabu nne, nilizisikia zote nne. Goti lilikuwa linaniuma, nami nilikuwa nangoja anipige, au anilaani, au anikumbatie. Ningepokea lolote. Mwajuma hakuniangalia. Alikuwa ameushika mdomo wa gunia kwa mikono miwili.

"Yeye ulimwambia?" akauliza.

"Hapana."

"Na mama?"

"Hapana."

Nje mtoto wake mdogo alikuwa anamwita kuku.

"Sasa mimi, dada," akasema, "hayo nitampelekea nani?"

Akauchukua ungo magotini mwangu, akaendelea kuchambua peke yake.